Mstari wa Maua ya Shaba

Watu wakifika kwenye hifadhi yetu, swali lao la kwanza ni: "Pori iko wapi?" Wanatazama kushoto, wanatazama kulia, wanaona majani yanayofika magotini, mawe, na uzio wa waya. Hakuna hata mti mmoja wa kuegemeza baiskeli. Dereva mmoja wa taxi-moto, zile pikipiki za abiria, aliyetuletea makoleo kutoka mjini Manika alicheka mpaka akavua kofia.

"Munachunga majani? Sasa mbuzi iko wapi?"

Sikumjibu. Wakati ule nilikuwa sijibu watu. Nyumbani kwetu Kapata majirani walidhani mimi ni bubu kidogo, na shuleni, mpaka nilipomaliza darasa la sita na kuacha, mwalimu aliniuliza maswali kwa kuandika ubaoni ili nisitoe sauti. Lakini kuna mambo ambayo yakikufika huwezi kuyajibu kwa kutazama chini.

Hifadhi yetu haina miti kwa sababu haitakiwi kuwa na miti. Udongo wake una shaba nyingi, na mti ukijaribu kuota juu yake unakufa ukiwa mdogo. Yanayoweza kuishi pale ni majani fulani na maua fulani tu, yaliyozoea sumu ile tangu zamani sana mpaka yakaipenda. Mengine hayaoti mahali popote duniani isipokuwa kwenye vilima vyetu vya shaba. Na vilima vyetu vya shaba, kila mtu wa Kolwezi anajua vinaenda wapi. Vinapanda kamio, yale malori ya mgodi, vinaondoka.

Kilima cha kwetu kilikuwa ndani ya eneo la mgodi. Tuliambiwa kwamba kiangazi kikiisha kitachimbwa, na kabla ya hapo tunaruhusiwa kuchukua ngozi yake. Mimi ndivyo ninavyoiita, ngozi. Tuliikata vipande vya mraba kwa koleo, unene wake kutoka kiganja hadi kiwiko, majani yakiwa juu na mizizi ndani, kila kipande uzito wa watu wawili. Tukakisukumia juu ya ubao, tukakibeba mpaka kwenye kamio, tukakishusha hapa, tukakilaza ndani ya vitalu tulivyovichimba. Msimamizi wetu, mama mmoja aliyekuwa zamani anauza mboga sokoni na ambaye haogopi mtu, alikuwa na sheria moja: kila kipande kilale kama kilivyolala kule kilimani, upande wa mashariki uelekee mashariki. Tulikuwa tunapaka chokaa kidogo upande huo kabla ya kukata. Mtu akikosea, hata kama jua limeshazama na mgongo umekatika, msimamizi alisema, "Geuza." Tukageuza.

Kazi hiyo niliipenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Haikuhitaji maneno.

Tulipomaliza, kilima hakikuwapo tena. Nilipita pale mara moja nikaona hewa mahali palipokuwa na kilima, na chini yake shimo. Kwa hiyo vipande vile tulivyovilaza havikuwa mfano wa kitu. Vilikuwa ndicho kitu chenyewe, chote kilichobaki. Vikifa, maua yale yanakwisha.

Sasa nitasema kosa langu.

Vipande vilipokuwa vinashushwa, udongo mwingi ulimwagika. Niliufagia kila jioni nikauweka kwenye magunia, kwa sababu niliona vibaya kuutupa. Mvua za kwanza zilipokaribia nilikuwa na magunia mengi. Na nilikuwa bado nina uchungu na yule dereva na mbuzi wake. Nikawaza: watu wanacheka kwa kuwa hawajaona maua. Wakiyaona tangu barabarani, watanyamaza. Basi nikachimba mfereji mwembamba kando ya njia, kuanzia barabara kuu mpaka kwenye uzio wetu, nikaujaza udongo ule, wa kijani kibichi kwa ajili ya shaba yake. Mbegu zilikuwa zimo ndani. Sikumwambia msimamizi, nilitaka kumshangaza. Tata, mzee mstaafu wa mgodi ninayefanya kazi naye, aliniona akasema tu, "Muzuri, mutoto. Inanyooka."

Ilinyooka kweli. Mvua zilipokaribia kwisha, ua letu la rangi ya zambarau, ambalo wengi wanaliita ua la shaba, lilichanua kutoka barabarani mpaka uzioni, mstari mmoja bila kukatika. Msimamizi alisimama akautazama muda mrefu, akasema, "Ni weye?" Nikatikisa kichwa kukubali. Akatabasamu. Yeye pia hakuona kosa.

Hapo ndipo ninaposhangaa mpaka leo. Mama yangu mzazi aliosha mawe ya shaba mtoni miaka yote ya utoto wangu, mgongoni akiwa na mtoto na miguuni akiwa na mwingine, na yeye ndiye aliyenifundisha: ukiona ua hili, chini kuna shaba. Kila mchimbaji anajua hivyo. Hawana mashine za kuona chini ya ardhi, wana macho na majani. Nilijua hilo kabla sijajua kusoma. Lakini nilikuwa nimekaa na maua yale mwaka mzima, nikiyang'olea magugu, nikiyajua moja moja, mpaka nikasahau kwamba kwa watu wengine ua si ua. Ni kidole kinachoonyesha.

Walikuja asubuhi ya Jumamosi. Msimamizi alikuwa ameenda Manika kununua waya. Tulikuwa mimi na Tata peke yetu, tumeinama tunang'oa magugu kwenye kitalu cha chini. Tata ndiye aliyesikia vyuma.

Walikuwa kama kumi na wawili, vijana, wengine wadogo kuliko mimi. Walikuwa na sururu, nyundo, mitarimbo, na magunia matupu yaliyokunjwa kwapani. Walikuwa wanatembea mmoja nyuma ya mwingine juu ya mstari wangu, polepole, wakitazama chini. Mkubwa wao alikuwa mwanamume aliyevaa jezi ya kijani, na Kiswahili chake kilionyesha kwamba alizaliwa mbali na kwetu. Walipofika uzioni akatusalimu kwa heshima, mimi akiniita petite, yaani binti mdogo.

"Jambo, Tata. Jambo, petite. Tunalomba njia."

"Njia ya kuenda wapi?" Tata akauliza.

"Ya kuingia." Akaonyesha vitalu vyetu. "Mushipa ya shaba inatoka kule ku barabara, inakuja moja kwa moja mpaka hapa. Kule iko nyembamba. Huku ndani inakuwa shamba muzima. Njo kusema mali yenyewe iko huku."

"Huku hakuna mali."

"Tata, kila mutu mwenye kuweka waya anasema vile."

Wenzake wakacheka. Niliutazama mstari wangu kutoka barabarani mpaka kwenye miguu yake, nikauona kama wao walivyouona.

"Ni miye nilipanda," nikasema.

Sauti haikutoka. Nikarudia.

"Ni miye nilipanda."

"Ulipanda nini?"

"Ile maua. Yote. Tangu barabara."

Mmoja akapiga kofi. "Munasikia? Shaba inapandwa sasa! Petite, utupatie mbegu na siye tupande nyumbani!"

"Miye unipatie ya kobalti," mwingine akasema, "iko na bei!"

"Na yangu uiweke mayi kila asubuhi, nitarudi ku mavuno!"

Hata Tata alitaka kucheka, nilimwona. Yule wa jezi ya kijani hakucheka. Aliniangalia kama mtu anayepima gunia kwa macho.

"Nani anapanda majani ya shaba?" akauliza taratibu. "Mutu anapanda muhogo. Anapanda mahindi. Weye unaficha kitu, na haujue kudanganya."

Mmoja alikuwa ameshashika waya wa juu. Mimi nilichukua jembe. Nilipita chini ya uzio nikatoka nje, nikaenda kwenye mstari wangu, mahali maua yalipokuwa mazuri zaidi, nikakata. Nilikata maua yangu mwenyewe mbele yao. Udongo wa kijani ulikuwa mnene kama kiganja changu, na chini yake udongo mwekundu wa kawaida, wenye minyoo. Nikaenda hatua kumi, nikakata tena. Kiganja kimoja, halafu nyekundu. Nikaenda tena. Machozi yalikuwa yananitoka lakini sikusimama kuyafuta, maana nilijua nikisimama nitanyamaza na nikinyamaza wataingia.

"Chimbeni hapa," nikasema. "Hapa nje. Mahali munataka. Muchimbe mpaka muchoke."

Walichimba. Wanajua kuchimba, sitawanyima sifa hiyo. Walichagua mahali penyewe, hatua mbili kutoka uzioni, na kabla jua halijafika utosini mtu alikuwa amezama mpaka mabega. Walitoa udongo mwekundu, na mwekundu, na mwekundu. Yule aliyekuwa shimoni akautia mdomoni, akautema.

"Bule," akasema.

Nilidhani wataondoka. Yule wa jezi ya kijani alikung'uta mikono.

"Hapa nje, sawa, tumeona. Lakini ndani bulongo, ile udongo yenu, ni ya kijani, na iko munene. Naiona toka hapa."

"Ndani nako tuliileta," nikasema. Nikamweleza kilima, vipande, ubao, kamio. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu nisiyemjua. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mulibeba kilima mu kamio, mukakitandika kama mikeka?"

"Ndiyo."

"Ju ya nini?"

"Ju kile kilima hakiko tena."

"Ni majani, petite!" Hapo alikasirika. "Siye tuko na batoto. Huyu mudogo hapa tangu jana hajakula. Weye unakataza batu kula, ju ya majani?"

Hata sasa, nikiandika, silijui jibu zuri. Ninajua tu nililosema.

"Mama yangu aliosha mawe mu mutoni," nikasema. "Miye nililishwa na shaba kama weye. Simukatazi mutu kula. Lakini ile kilima ilitoa shaba yake yote, ikaenda, na mama yangu hakutajirika. Haya majani tu njo hakuna mutu alinunua. Njo maana imebaki. Hamutaigusa."

"Tutoe kipande moja tu," mwingine akasema. "Tuangalie chini, tukirudishe."

Tata akanigeukia. Niliona anafikiri kwamba ni bei nafuu, kimoja kwa vyote. Yeye aliwahi kufanya kazi mgodini miaka mingi na anajua watu wanavyotulizwa.

"Mutoto, tubapatie moja," akasema.

"Hapana, Tata."

"Moja tu, baende."

"Hata moja. Kila kipande njo kwanza kimeshika mizizi tangu kuhamishwa. Kikinyanyuliwa mara ya pili kinakufa." Nikawageukia wao. "Mumeshachimba shimo. Munajua kupita chini. Piteni chini. Kutoka mu shimo yenu muelekee huku, chini ya vitalu. Mizizi inafika ku kiwiko tu. Muangalie toka chini kama kuna mushipa yenye kushuka."

Walitazamana. Kuchimba kwenda chini halafu kwenda pembeni ndiyo kazi yao ya kila siku, na hakuna aliyewahi kuwaomba waifanye. Yule wa jezi ya kijani akashuka mwenyewe. Alilala kwa tumbo, akachimba kuelekea kwetu na sururu yenye mpini mfupi, wenzake wakivuta udongo kwa gunia. Mimi nilirudi ndani ya uzio nikapiga magoti juu ya kitalu. Nilimsikia chini yangu. Kila pigo lilipanda magotini. Sijawahi kuogopa kama siku ile, si kumwogopa yeye, bali kuwaogopea wote wawili: mtu aliye chini na kitalu kilicho juu.

Kipande kimoja kilizama. Kilishuka ghafla kama meza iliyokatika mguu, nikapiga kelele, "Simama! Inaanguka!" Nikasikia anarudi nyuma haraka, na kichwa chake kikatokea shimoni, chekundu chote, hata nyusi. Mkononi alikuwa na donge. Akalivunja mbele ya wenzake. Jekundu.

"Bule," akasema. "Bule kabisa. Huku chini hakuna kitu."

Wakaanza kukusanya vyuma. Mtu ambaye amechimba bure hana hamu ya maneno. Nilimpa yule mdogo muhogo wangu wa mchana, na hakunishukuru, na sikungoja anishukuru. Yule wa jezi ya kijani aliondoka wa mwisho.

"Petite, uko mukali," akaniambia. "Lakini maua yako ni muongo. Ilituita, tukakuja."

Alisema kweli, na iliniuma zaidi ya matusi.

Msimamizi alirudi na waya alasiri, akakuta shimo, mstari uliokatwakatwa, na kipande kilichozama. Tata alitaka kunitetea lakini nilisema mwenyewe. Alinigombeza kama mama anavyogombeza mtoto aliyevuka barabara bila kutazama, kwa sauti ya juu. Halafu akakaa chini.

"Na miye niliona ile mustari nikafurahi," akasema. "Nilisema, angalia namna inapendeza." Akachukua jembe la Tata. "Tuing'oe."

Tuliung'oa wote uliobaki mpaka barabarani. Udongo wake tuliurudisha ndani ya uzio, gunia kwa gunia.

Wiki iliyofuata walikuja watu wa ofisi wanaotoa vibali vya hifadhi yetu. Walisema shimo lifukiwe mara moja, na kibao kiwekwe chenye maandishi makubwa: hapa hakuna madini.

"Mukiandika vile," Tata akasema, "kesho watakuja mia."

Wakacheka, lakini hakuwa anatania. Hakuna mchimbaji wa Kolwezi anayeamini kibao. Kibao kinachosema hakuna, kwao kinasema ipo. Wakaanza kubishana: kibao cha namna gani, lugha gani, walinzi wangapi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma. Kabla ya siku ile ya Jumamosi ningesimama nyuma mpaka mkutano uishe.

"Musifukie," nikasema.

Wote waligeuka.

"Shimo libaki wazi. Ndilo watakaloamini. Mchimbaji akija ataingia, ataona wekundu, ataondoka. Hatasoma kitu kingine."

"Hifadhi ya mazingira yenye shimo la wachimbaji mlangoni?" mmoja wa ofisi akauliza. "Wageni watasema nini?"

"Wageni hawachimbi," nikasema.

Msimamizi alikohoa ili asicheke. Walibishana naye saa nzima, nami nilikuwa nimemaliza maneno yangu ya siku hiyo, lakini shimo halikufukiwa. Tuliziba tu ile njia ya pembeni inayopita chini ya vitalu, kwa mawe na udongo wa kugongwa, tukaweka ngazi ya fito.

Sasa ni kazi yangu kila Jumatatu. Mvua ikinyesha ninayatoa maji kwa ndoo. Kuta zikiota ukungu au majani ninazikwangua mpaka wekundu uonekane vizuri kutoka juu hadi chini. Kipande kile kilichozama kilikufa, nilijaribu kukimwagilia miezi miwili lakini kilikufa. Vingine vyote vipo. Msimu huu vimechanua, ndani, vyote pamoja, na wachimbaji wanayaona maua yale tangu mbali kama tunavyoyaona sisi, na wanakuja. Siwezi kuwazuia kuyaona.

Juzi walikuja wawili kwa baiskeli. Mmoja alishuka ngazi bila kuniomba ruhusa, akakwangua ukuta kwa msumari, akanusa, akaonja, akakwangua chini zaidi. Mwenzake alibaki juu akiyatazama maua, halafu akitazama shimo, halafu maua tena.

"Nani alichimba?" aliye shimoni akauliza.

"Wenzenu."

"Bakapata nini?"

"Unaona mwenyewe."

Akapanda, akajifuta mikono kwenye suruali. "Na juu ya nini hamufukie?"

"Hatufukii," nikasema.

Waliomba maji, nikawapa, wakanywa wakiwa wamesimama, wakapanda baiskeli. Walipofika barabarani nilishuka ngazi na jembe fupi, nikasawazisha mahali alipokwangua, nikafuta alama za viatu vyake, ili atakayefuata aone ukuta mwekundu mtupu.